Lugha Inayobaki Mwishoni: Mzee wa Lugha Nyingi na Demensia

Mzee anayezungumza lugha mbili au tatu huugua demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kama mzee mwingine yeyote. Tuliweke hili wazi mapema, kwa sababu habari inayosambaa ni kwamba lugha ya pili ni kinga. Si kinga. Kinachoonekana ni dalili kuchelewa kujitokeza, na kuchelewa huko kuna faida na kuna mtego. Faida ni miaka ya kujitegemea. Mtego ni kwamba siku familia inaposhtuka, ugonjwa huwa umeshafika mbali ndani ya ubongo, na lugha zilezile zilizomsitiri mzee ndizo zinazomchanganya daktari, mhudumu na watoto wake.

Habari ya kuchelewa ilianza kusikika sana mwaka 2007, pale Ellen Bialystok, Fergus Craik na Morris Freedman walipopitia majalada ya wagonjwa 184 wa kliniki ya kumbukumbu mjini Toronto. Waliokuwa wametumia lugha mbili maisha yao yote walianza kuonyesha dalili takriban miaka 4 baada ya wenzao wa lugha moja. Mwaka 2010 walirudia kazi hiyo kwa wagonjwa 211 wa Alzheimer, aina ya demensia inayoonekana zaidi, wakapata pengo la miaka 5.1 katika kuanza kwa dalili na miaka 4.3 katika umri wa kupimwa na kuambiwa ugonjwa. Wakosoaji wakauliza swali la haki: wengi wa wagonjwa hao wa lugha mbili walikuwa wahamiaji, na anayeweza kuhama nchi huenda ana afya na ustahimilivu wa pekee. Pengine faida ni ya uhamiaji, lugha imesingiziwa tu.

Jibu zuri lilitoka Hyderabad, India, mwaka 2013. Suvarna Alladi na wenzake walichunguza wagonjwa 648 katika mji ambao mtu huzaliwa katikati ya Kitelugu, Kiurdu, Kihindi na Kiingereza bila kuvuka mpaka wowote. Pengo lilikuwa miaka 4.5. Na kuna jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko idadi yenyewe: pengo hilo lilionekana hata kwa wasiojua kusoma wala kuandika. Kwa hiyo haikuwa shule peke yake. Lakini pia lugha ya tatu na ya nne hazikuongeza chochote juu ya ile ya pili, jambo ambalo wapenda lugha hupenda kuliruka.

Skani, yaani picha za ndani ya ubongo, zinaeleza kinachotokea. Mwaka 2012, huko huko Toronto, wagonjwa wa lugha mbili walilinganishwa na wa lugha moja wenye uwezo wa akili uleule. Ubongo wa wale wa lugha mbili ulikuwa umesinyaa zaidi katika sehemu ambazo Alzheimer hushambulia. Mwaka 2017, Tyrol Kusini, kaskazini mwa Italia, wagonjwa 85 walipimwa jinsi ubongo wao unavyotumia sukari. Wenye Kijerumani na Kiitaliano walikuwa wakubwa kuliko wenzao wa lugha moja kwa wastani wa miaka 5, ubongo wao ulikuwa umeathirika zaidi, na bado walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya kumbukumbu. Yaani walibeba mzigo mkubwa zaidi na bado walikuwa wamesimama. Wataalamu huita hali hii akiba ya akili, wazo ambalo Yaakov Stern wa New York amelifanyia kazi kwa miaka mingi: ubongo uliozoea njia nyingi za kufanya jambo moja huendelea kufika hata njia kuu ikifungwa.

Wapo wasioiona faida hiyo, na wana hoja. Kaskazini mwa Manhattan, wazee 1,067 wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania walifuatiliwa kwa miaka mingi tangu wakiwa hawana demensia. Wajuao Kiingereza vizuri walianza na kumbukumbu bora, ila hawakupungukiwa na uwezekano wa kuugua. Huko Montreal mwaka 2010 faida ilionekana kwa wahamiaji zaidi kuliko kwa wazaliwa wa hapo. Tofauti inatokana kwa sehemu kubwa na namna ya kuuliza. Utafiti wa kliniki huanza na mgonjwa, kisha huiuliza familia: mliona lini mara ya kwanza? Ule wa kufuatilia huanza na mzima, kisha husubiri kuona nani ataugua. Wa kwanza hupima dalili zilianza lini, wa pili hupima nani hatimaye anaugua. Ukisoma matokeo yote mawili kwa pamoja hayagongani sana: lugha huchelewesha kuonekana kwa ugonjwa, haziuzuii kuja.

Kwa nini zicheleweshe? Mtu mwenye lugha mbili hazimi moja anapotumia nyingine. Zote huwa macho. Kila anapotaka kusema neno, neno la lugha ya pili nalo hunyanyuka na lazima lizuiwe. Kazi hiyo ya kuchagua na kuzuia hufanywa na sehemu za mbele za ubongo na mafundo ya ndani kabisa, na hufanywa mara maelfu kwa siku, bila likizo, kwa miaka hamsini au sitini. Ndiyo maana kinachohesabika ni matumizi. Mtu aliyesoma Kifaransa shuleni miaka minne akakiacha hana mazoezi hayo. Aliyeuza bidhaa kwa lugha moja, akagombana na jirani kwa nyingine na kulala akisali kwa ya tatu, anayo, hata kama hajui kuandika jina lake.

Lahaja nazo zimo katika hesabu hii, ingawa tafiti nyingi zimejikita kwenye lugha. Mwenye lahaja mbili zinazokaribiana huchagua na kuzuia pia, kwa kuwa maneno hufanana na ndiyo hukanyagana kwa urahisi zaidi. Lakini umuhimu mkubwa wa lahaja hauko kwenye kuchelewesha dalili. Uko baadaye, katika uuguzi, na tutaufikia.

Kinachoondoka kwanza

Alzheimer huanza mara nyingi kwenye hipokampasi na jirani yake, sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuhifadhi mambo tuliyojifunza kwa kukusudia. Lugha ya utotoni haikuingia kwa mlango huo. Iliingia kwa kusikia na kurudia, kama kutembea, ikakaa katika njia za mazoea. Lugha iliyojifunzwa ukubwani, kwa sarufi na orodha za maneno, hutegemea zaidi hipokampasi, hivyo hulegea mapema. Ndiyo sababu mzee aliyetumia lugha ya kazini kwa miaka arobaini anaweza kuipoteza ndani ya miaka michache na kurudi kwenye lugha ya mama yake.

Hii si sheria ya chuma. Lugha iliyotumiwa zaidi kila siku wakati mwingine hubaki kuliko ya kwanza iliyolala tangu ujana. Mtu aliyehama akiwa na miaka 8 na hakurudi tena kwenye lugha ya nyumbani ana hali tofauti na aliyehama akiwa na 30. Usikisie. Uliza, na uulize mapema, maana anayejua majibu ni mzee mwenyewe na siku moja hataweza kuyatoa.

Karatasi moja inatosha. Kwa kila lugha na kila lahaja andika: ilianza akiwa na umri gani, kwa nani, aliitumia wapi na mpaka lini, anaisoma, anaiandika. Kisha maswali manne ambayo watu huyasahau na ndiyo yanayosaidia kuliko yote. Anahesabu pesa kwa lugha gani? Anasali kwa ipi? Akiumia ghafla, neno la kwanza linalomtoka ni la lugha ipi? Na je, ipo lugha asiyoitaka? Swali la mwisho lisipuuzwe. Lugha ya kwanza huwa faraja kwa wengi, lakini kwa aliyepigwa, aliyefungwa au aliyekimbia vita, lugha ya utotoni inaweza kumrudisha kwenye hofu. Tumezoea kushauri "zungumza naye lugha ya mama" kana kwamba mama wa kila mtu alikuwa salama.

Ishara na zisizo ishara

Kosa linalofanyika sana ni kuona kuchanganya lugha kama ugonjwa. Watu wa lugha mbili huchanganya kila siku wakiwa wazima kabisa. Cha kutazama ni msikilizaji. Mzee akichanganya mbele ya mtu anayejua lugha zote mbili, hakuna habari hapo. Akianza kumwelezea daktari, jirani au mjukuu kwa lugha ambayo mtu huyo hajui hata salamu yake, na akiambiwa "sijaelewa" anaendelea vilevile au anakasirika, hiyo ni ishara. Maana yake ni kwamba kile kidhibiti cha kuchagua lugha kulingana na mtu kimeanza kulegea.

Neno kukwama kwenye ulimi nalo si ishara peke yake. Wenye lugha nyingi hukwamiwa na maneno mara nyingi zaidi maisha yao yote, kwa kuwa kila neno moja moja limetumika mara chache kuliko kwa mtu wa lugha moja. Namna ya kupambanua ni hii: shika kitu, tuseme ufunguo, uliza jina lake kwa lugha moja. Likikwama, uliza kwa ya pili. Akilipata huko, ni njia tu iliyoziba. Likikosekana katika zote, na maelezo yake yakawa "hicho... kile kitu", andika. Kama hata kukitumia kumemtatiza, usisubiri mwezi ujao.

Wiki mbili au tatu kabla ya kwenda kliniki weka daftari. Kila tukio mistari miwili tu: saa, alikuwa na nani, alianza kwa lugha ipi, akahamia ipi, msikilizaji anaijua au haijui, alijirekebisha au hakujirekebisha. Andika pia alilala vipi na alikula nini, kwani uchovu na njaa huweza kuvuruga lugha ya pili kabla ya ya kwanza hata kwa mtu mwenye afya. Daftari hilo lina uzito kuliko kusema "amebadilika".

Na kuna jambo moja lisilongoja daftari. Mzee akipoteza lugha ghafla, asubuhi alikuwa nayo na mchana hana, hiyo si demensia mpaka ithibitike. Tazama uso kama umepinda upande mmoja, mwambie ainue mikono yote miwili, sikiliza kama maneno yanateleza. Hizo ni dalili za kiharusi, na dakika zina thamani. Kama mabadiliko yamekuja kwa siku moja au mbili, anasinzia na kuzinduka, anaona vitu visivyokuwepo, fikiria maambukizi, mara nyingi ya mkojo au mapafu, au dawa mpya, au upungufu wa maji mwilini. Haya hutibika, na tumeona mara nyingi mno yakibatizwa "uzee" kwa sababu tu mzee alikuwa amerudi kwenye lugha ambayo hakuna aliyemsikiliza vizuri.

Siku ya kupimwa

Vipimo vingi vya akili viliandikwa kwa Kiingereza, na kutafsiri papo kwa papo huviharibu. Kile cha mwaka 1975 chenye alama 30, kiitwacho MMSE, kinachotumika duniani kote, kina sentensi ya kurudia iliyochaguliwa kwa ugumu wake wa matamshi katika Kiingereza. Ukiitafsiri inakuwa sentensi ya kawaida, au haina maana kabisa. Kutaja herufi za neno kinyumenyume kunadai mtu awe ameshika kalamu shuleni. Mfano mwingine uko kwenye kipimo cha Montreal cha mwaka 2005: mtu hutaja kwa dakika moja maneno yanayoanza na herufi fulani, na akifikisha 11 hupata alama. Kwa Kiingereza herufi hiyo ni F. Ukiileta kwa Kiswahili bila kufikiri, F itamnyima mzee maneno, na ukimpa M utakuwa umempa zawadi, maana ngeli nzima ya watu na ya miti inaanza hapo: mtu, mtoto, mkulima, mti, mkate. Ndiyo maana inatakiwa toleo lililoandaliwa na kupimwa kwa lugha husika, siyo tafsiri ya mtu aliyeketi pembeni.

Uliza kabla ya siku yenyewe kama kliniki ina toleo hilo. Likikosekana, taja RUDAS, kipimo kilichotengenezwa Sydney na kuchapishwa mwaka 2004 kwa ajili ya watu wa lugha na tamaduni mbalimbali. Kina sehemu sita: kumbukumbu ya vitu vichache vya dukani, viungo vya mwili kushoto na kulia, mikono kufuata mpangilio, kuchora mchemraba, kuamua namna ya kuvuka barabara yenye magari, na kutaja wanyama kwa dakika moja. Jumla ni alama 30, na 22 au chini yake hudai uchunguzi zaidi. Hakitegemei sana shule wala lugha fulani.

Kwenye kutaja wanyama, mzee aachwe atumie lugha yoyote, hata achanganye, na anayehesabu ajue kuhesabu: mnyama mmoja akitajwa kwa lugha mbili ni mmoja. Muda ukiruhusu, apewe dakika moja kwa kila lugha, alama ziandikwe kando kando. Pengo kati ya lugha likipanuka kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, hilo ni jambo la kumwonyesha daktari. Kwenye kutoa saba kutoka mia kwa mfululizo, ahesabu kwa lugha aliyofundishiwa hesabu, hata kama mahojiano mengine yote yanaendelea kwa nyingine. Wengi huonekana wagonjwa kwa kosa hilo tu.

Mkalimani asiwe mtoto wa mgonjwa. Hatusemi hivi kwa kuwadharau watoto. Mtoto hufanya kile ambacho upendo unamwamuru: baba akisema sentensi isiyo na kichwa wala miguu, yeye humpa daktari sentensi nzima, na daktari anakosa kile alichokuja kukisikia. Mkalimani aelezwe kabla ya kuingia kwamba atafsiri kila kitu kama kilivyo, na marudio, na neno lisilokuwepo katika lugha yoyote, na kimya. Asimalizie sentensi. Aseme kama lahaja anayoisikia si yake. Akae kando kidogo, ili daktari na mzee watazamane. Tenga muda mara mbili ya kawaida. Kabla ya swali la kwanza, hakikisha miwani iko usoni na kifaa cha kusikia kina betri. Tume ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya demensia duniani, na kutosikia vizuri kumo katika yale mawili makubwa zaidi. Mzee asiyesikia hufeli kipimo katika lugha zote.

Matokeo yakija mazuri kwa mtu aliyetumia lugha nyingi au aliyesoma sana, msishangilie haraka. Akiba huficha. Kipimo kirudiwe baada ya miezi sita hadi kumi na miwili na kilinganishwe na cha kwake mwenyewe, siyo na wastani wa watu. Na ugonjwa ukithibitika, mambo ya wosia, benki, na nani ataamua matibabu yashughulikiwe mara moja. Kwa watu wenye akiba kubwa ya elimu imeonekana kwamba dalili zikishaanza, kushuka kunaweza kwenda kwa kasi, kwa sababu ubongo ulikuwa umeshaharibika sana kabla. Familia hudhani ina miaka mitano ya kujipanga. Pengine hainayo.

Nyumbani na wodini

Mhudumu asiyejua lugha ya mzee anahitaji maneno kama ishirini, na si yale ya kitabu cha wasafiri. Maji. Choo. Inauma. Wapi? Baridi. Joto. Njaa. Polepole. Kaa. Simama. Nipe mkono. Ninakuja. Nipo hapa. Usiogope. Mwanao anakuja kesho. Yaandikwe kwa herufi anazozisoma mhudumu, jinsi yanavyosikika kwake, yabandikwe pale mkono unapofika, na yarekodiwe kwenye simu na ndugu aliyekua pamoja na mzee.

Ndugu aliyekua naye, tunasema, kwa sababu hapa ndipo lahaja inapoingia kwa nguvu. Lugha sanifu ya redio si lugha ya jikoni kwa mama. Aliyekulia lahaja za kaskazini za Kiswahili akirudi utotoni atasema "ndoo" akimaanisha njoo, na mhudumu wa Kiswahili sanifu atamletea chombo cha maji. Atasema "ndaa", njaa hiyo, na jina lake litaandikwa kwenye daftari la waliopotewa na maneno. Huyo mzee amesema sawasawa. Kabla ya kuandika "anaongea visivyoeleweka", mtafute mtu wa lahaja yake amsikilize dakika tano, hata kwa simu.

Ukizungumza naye, sentensi moja iwe ya lugha moja. Maneno matano au sita. Kaa mbele yake, uso kwenye mwanga, televisheni imezimwa. Kisha nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Asipojibu, rudia maneno yaleyale bila kuyabadilisha, kwani ukibadilisha unamlazimisha aanze upya. Asipoelewa bado, hapo ndipo ubadili lugha. Watu hufanya kinyume: hupandisha sauti katika lugha iliyokwisha kuondoka. Na wahudumu wawili wasizungumze lugha yao ya tatu juu ya kichwa chake wakimvisha au kumwogesha. Anayesikia sauti asizozielewa huku mikono ikimshika huona anavamiwa, hupiga, na kesho yake anapewa dawa ya kumtuliza ambayo hakuihitaji.

Usimsahihishe. Akikuita kwa jina la dada yake katika lugha ya utotoni, lugha hiyo imemfungulia mlango wa wakati ule, naye yuko huko. Itikia. Uliza kuhusu dada.

Maumivu ni eneo linalotesa wengi kimya kimya. Neno la maumivu kwa wengi ni la lugha ya kwanza, na likikosa msikilizaji hugeuka kelele. Kipo kipimo kinachoitwa PAINAD cha kutazama mambo matano bila kuhitaji maneno: pumzi, sauti kama kugumia, uso, mwili kukaza au kuhangaika, na kama anatulizika. Kila kimoja hupewa 0 hadi 2, jumla 10. Pima akiwa ametulia, pima tena unapomgeuza. Alama zikipanda wakati wa kumgeuza, tafuta kinachouma kabla ya kusema ni mkorofi.

Jioni na usiku lugha ya pili huweza kupotea zaidi, kwa wale ambao bado wanayo mchana. Panga mhudumu mwenye lugha ya kwanza zamu ya saa kumi jioni hadi usiku, kama yupo mmoja tu. Wengi humpanga asubuhi, daktari anapopita, saa ambayo mzee mwenyewe bado anajimudu.

Kuhusu kujifunza lugha uzeeni tunaulizwa kila mara. Kule Scotland, watu 853 waliopimwa akili wakiwa na miaka 11 mwaka 1947 walipimwa tena wakiwa na miaka ya sabini. Waliojua lugha ya pili walifanya vizuri kuliko alama zao za utoto zilivyotabiri, na hata waliojifunza baada ya miaka 18 walifaidika. Huo ni ushahidi juu ya uwezo wa akili, siyo ahadi ya kukwepa demensia kwa anayeanza akiwa na 70. Anayetaka kuanza, aanze, ila akapimwe masikio kwanza. Huenda akapata zaidi kwa kuamsha lugha iliyolala kuliko kwa kuanza mpya, na mazungumzo na mtu huenda yakazidi kubonyeza maneno kwenye simu, kwa kuwa mtu hukulazimisha kuchagua na kuzuia papo hapo.

Kwa wenye watoto wadogo tuna ombi. Msiwanyime lugha ya bibi kwa kuogopa kwamba itawachanganya shuleni. Bibi akirudi kwenye lugha hiyo akiwa na miaka 80, mjukuu asiyeijua atakuwa mgeni mbele yake, na bibi atakuwa peke yake ndani ya nyumba iliyojaa watu.

Kama mzee wako bado anazungumza vizuri, chukua simu wiki hii. Dakika kumi kwa kila lugha, na kwa lahaja yake ya nyumbani pekee dakika kumi nyingine. Mwulize mambo yaleyale katika zote: nyumba aliyokulia ilikuwaje, kazi ya kwanza aliipataje, chakula anachokipika kinapikwa vipi hatua kwa hatua. Kila faili lipewe jina lenye tarehe na lugha. Rudia mwakani, kwa maswali hayohayo.